Sauti Safi ya Hedifoni Kutoka kwa Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kurekodi na kuhariri sauti hapa Kisumu: kwaya za makanisa, vikundi vya benga na ohangla, siku nyingine mzee mmoja tu na nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza maswali yale yale. Hata wasiorekodi chochote, wanaotaka tu kusikiliza muziki vizuri jioni wakiwa nyumbani Migosi au Nyalenda, huuliza hayo hayo. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu wanapopotezea pesa.

Laptopu yangu tayari ina tundu la hedifoni. Kifaa cha nje ni cha nini?

Huenda hukihitaji, na ni heri ulisikie hilo kabla ya kutoa pochi. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hutoa sauti safi kabisa kwa hedifoni za kawaida. Kifaa cha nje hutatua shida mbili: kelele na upungufu wa nguvu. Ya tatu ipo, nayo huwapata sana wenye laptopu zilizokwisha kutumika, zile tunazoziita ex-UK: tundu lenyewe limelegea, ukigusa waya kidogo sauti inakatika. Kama huna hata moja kati ya hizo tatu, pesa yako itakufaa zaidi kwingine.

DAC ni nini, na inatofautianaje na amplifaya?

Muziki ukiwa ndani ya kompyuta ni namba tupu. Kwenye CD, kila sekunde ya wimbo imeandikwa kwa namba 44,100 za upande wa kushoto na nyingine 44,100 za upande wa kulia. Sikio halisikii namba. Lazima kiwepo kitu cha kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka kama wimbo wenyewe, na kitu hicho ndicho DAC. Umeme huo ni dhaifu. Amplifaya huupa nguvu ya kuzisukuma hedifoni, ambamo koili na sumaku hutikisa kiwambo chembamba, hewa ikatikisika, ukasikia.

Kila chombo kinachotoa sauti kina vyote viwili, iwe ni simu, TV au redio ya gari. Katika laptopu vimebanwa ndani ya chipu moja ndogo, jirani na prosesa, feni na saketi za kuchaji betri, na majirani hao wana kelele nyingi za umeme. DAC ya nje huitoa kazi hiyo nje ya mtaa huo. Waya wa USB hubeba namba, na namba haichafuki njiani jinsi umeme wa sauti unavyochafuka.

Vifaa vingi vya nje vina DAC na amplifaya katika kisanduku kimoja. Muuzaji akikushawishi ununue viwili tofauti kama ndio unaanza, mshukuru uondoke.

Nitajuaje kama nina shida kweli?

Fanya majaribio manne kabla ya kununua chochote. Hayakugharimu hata shilingi.

Kwanza, chomeka hedifoni, usicheze wimbo wowote, pandisha sauti hadi mwisho, kisha usikilize ukimya. Sogeza mausi. Fungua programu nzito. Ukisikia mchakacho unaofuata mkono wako, au mlio mwembamba unaobadilika kompyuta inapofanya kazi, kelele za ndani zinavuja. Ukisikia ukimya, tundu lako ni zima. Kumbuka kushusha sauti kabla ya kucheza wimbo.

Pili, cheza rekodi tulivu, ya kwaya bila ala au ya nyatiti peke yake, na uangalie sauti umeiweka asilimia ngapi. Ukiridhika ukiwa asilimia 50 au 60, nguvu unayo. Ukifika 100 na bado unatamani zaidi, nguvu haitoshi.

Tatu, chomeka hedifoni hizo hizo kwenye simu yenye tundu, wimbo ule ule, sauti kiasi kile kile. Kama simu inasikika safi na laptopu inasikika na vumbi, kosa si la hedifoni. Kama zote mbili zinasikika vibaya, hedifoni ndizo za kubadilisha.

Jaribio la nne nalipenda zaidi, na ni la watu wa huku kwetu. Tafuta rekodi nzuri ya nyatiti. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mbao za ala huku vidole vya mikono vikicheza nyuzi 8. Kwenye mfumo mzuri unasikia vitu viwili, mgongano wa chuma na mlio wa uzi, kila kimoja mahali pake. Kwenye mfumo mbaya vinakuwa kitu kimoja. Kwa besi, tumia ngoma za sukuti za Waisukha na Waidakho. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na unapaswa kuzitambua zote tatu hata zinapopigwa kwa kasi.

Pesa ni kidogo. Nianze na hedifoni au na kifaa?

Hedifoni. Hapo sibabaiki. Tofauti kati ya hedifoni mbaya na nzuri hata mtoto anaisikia. Tofauti kati ya DAC mbili zisizo na kasoro ni ndogo mno, na watu wazima wenye masikio mazuri hushindwa kuitambua wakifumbwa macho. Pesa yako ikiwa mafungu kumi, weka nane kwenye hedifoni.

Kwenye boksi imeandikwa omu 32, nyingine omu 80, nyingine 250. Kubwa ndiyo bora?

Hapana. Omu ni kipimo cha jinsi hedifoni inavyozuia umeme, si cha ubora. Kampuni moja inaweza kutoa hedifoni ile ile kwa omu tofauti, jinsi Beyerdynamic inavyoiuza DT 770 Pro kwa omu 32, 80 na 250. Zenye omu nyingi zinahitaji volti nyingi zaidi ili zifikie sauti ile ile.

Omu pekee haitoshi. Tafuta pia namba ya desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, na hapa kuna mtego: kampuni nyingine huandika desibeli kwa miliwati 1, nyingine kwa volti 1, na namba hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Chukua mfano. Hedifoni ya kwanza ina omu 32 na desibeli 100 kwa miliwati 1. Miliwati 1 kwenye omu 32 ni kama volti 0.18 tu. Ukiipa volti 1 nzima, kiasi ambacho adapta ndogo nzuri inaweza kutoa, itafika karibu desibeli 115, kelele ya kuumiza. Hedifoni ya pili ina omu 300 na desibeli 97 kwa volti 1. Kwa volti ile ile inaishia 97, tena kwenye vilele vya wimbo pekee. Wastani wa muziki uko chini zaidi. Kwa nyimbo za kisasa zilizorekodiwa kwa sauti ya juu itatosha. Kwa kwaya tulivu utaona imepungua.

Ukizidisha volti mara mbili unapata desibeli 6 zaidi. Kwa hiyo amplifaya ya volti 2 itaifikisha ile ya pili 103, na hapo tatizo limekwisha. Huhitaji jitu la amplifaya.

Ushauri wangu kwa mtu wa kompyuta tu: nunua hedifoni za omu 16 hadi 80 na usiumize kichwa. Ukipata za omu 250 au 300 kwa bei nzuri, hesabu na amplifaya kwenye bajeti. Wenye MacBook Pro za kuanzia 2021 wana nafuu hapa, kwa sababu tundu lake hupima omu za hedifoni na kuongeza volti lenyewe.

Nikichomeka chaja nasikia mvumo. Nikiitoa unaisha. Je, DAC itaondoa?

Huenda ikaondoa, huenda isiondoe, na swali hili limenigharimu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nahariri rekodi ya kwaya, na chini ya sauti za akina mama kulikuwa na mvumo usioisha. Nikanunua DAC mpya. Mvumo ukabaki pale pale. Shida ilikuwa chaja ya laptopu, nakala ya bei rahisi, na soketi ya nyumba niliyopanga ambayo tundu lake la juu halikuwa limeunganishwa na waya wowote wa ardhini. Fundi wa stima alilimaliza jambo hilo asubuhi moja.

Stima yetu ni ya volti 240 na hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake ni mzito, wa hezi 50 na 100. Chaja mbovu huongeza mlio mwembamba juu yake. Umeme unaovuja kutoka kwa chaja hutafuta njia ya kufika ardhini, na usipopata waya wa ardhi unapitia kwenye vifaa vyako, DAC ikiwemo. Ndiyo maana wengine huhisi mwili wa laptopu ukiwasisimua vidole.

Fuata utaratibu huu. Toa chaja usikilize ukitumia betri. Mvumo ukiisha, azima chaja asilia ujaribu. Kisha jaribu kwenye nyumba nyingine au soketi unayoijua ina waya wa ardhi. Kama umeunganisha pia mikisa au spika, chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, kwa sababu vikitoka soketi tofauti hutengeneza mzunguko unaozalisha mvumo. Yote yakishindikana, kuna kitenganishi cha USB, kisanduku kidogo kinachopitisha data bila kuunganisha nyaya za umeme za pande mbili. Hicho hufanya kazi kweli.

Kitu kimoja usifanye kamwe: usikate pini ya ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Utaisha, lakini pini hiyo ndiyo inayokuokoa siku ndani ya kifaa waya wa moto utakapogusa chuma.

Zile adapta ndogo za kugeuza USB-C kuwa tundu la hedifoni zinatosha?

Zinawatosha wengi kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini. Ndani ya kile kichwa cha waya kuna DAC na amplifaya kamili. Ya Apple, ambayo Marekani huuzwa dola 9, hupimika vizuri kuliko vifaa vingi vya bei ya juu, na hufanya kazi kwenye Windows na Linux bila kusakinisha chochote. Angalia tu kwamba toleo la Ulaya limepunguzwa nguvu, karibu nusu volti badala ya volti 1. Kwa hedifoni za omu 32 zote mbili zinafaa.

Laptopu ya zamani isiyo na USB-C inahitaji kiunganishi cha kutoka USB ya kawaida. Chagua kiunganishi hicho kwa makini. Vya bei ya kutupa hulegea haraka.

Nina kadi ya sauti ya nje ya kurekodia. Ninunue na DAC?

Usinunue. Kadi za aina ya Focusrite Scarlett zina DAC nzuri ndani na tundu la hedifoni lenye nguvu ya kutosha hedifoni nyingi. Kinachoangusha baadhi ya kadi za bei ya chini ni ukinzani wa tundu lenyewe, yaani omu zake. Ukiwa mkubwa, hedifoni zenye omu chache hubadilika tabia, besi ikavimba na sauti za kati zikarudi nyuma. Kanuni inayotumika ni kwamba ukinzani wa tundu uwe sehemu moja ya nane ya omu za hedifoni au chini yake: kwa hedifoni za omu 32, usizidi omu 4.

Kama unarekodi, au unafikiria kuanza mwaka huu, nunua kadi ya sauti badala ya DAC ya kusikilizia. Utasikiliza nayo, na siku kikundi kikija mlangoni utakuwa tayari.

Nimechomeka kifaa, lakini bado sauti inatoka kwenye spika za laptopu.

Kwenye Windows, bonyeza kulia alama ya spika chini ya skrini, ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua kifaa kipya kama njia ya kutolea sauti. Ukiwa huko, zima viboreshaji vyote vya sauti ambavyo kompyuta imejiwekea. Huwa vinaahidi besi na upana, kisha vinafunika sauti kama blanketi.

Weka pia kiwango cha sampuli, yaani idadi ya zile namba kwa sekunde, kulingana na muziki wako. Windows hubadilisha sauti zote zifuate kiwango ulichoweka hapo, kwa hiyo kama unasikiliza zaidi muziki, weka 44,100. Kama ni video, 48,000. Na kama muziki hushuka ghafla simu ya mtandaoni inapoingia, usilaumu kifaa. Windows imewekwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 wakati wa mazungumzo, na unaweza kuizuia kwenye ukurasa wa mawasiliano wa mipangilio hiyo hiyo.

Windows za kabla ya 2017 zinahitaji draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya mtengenezaji kwa DAC za viwango vya juu. Mac na Linux kwa kawaida hukitambua kifaa mara moja.

Je, ninahitaji biti 24 na kilohezi 192?

Kwa kusikiliza, hapana. Sikio changa lenye afya husikia hadi hezi 20,000, na uwezo huo hupungua kadiri miaka inavyosonga. Ili kuhifadhi sauti ya hezi 20,000 unahitaji sampuli zaidi kidogo ya 40,000 kwa sekunde. CD ina 44,100. Biti ni urefu wa kila namba, na biti 16 hutoa nafasi ya desibeli 96 kati ya kelele ya chini kabisa na kilele. Chumba chako, na boda zinazopita nje, hazikuachii nafasi hiyo.

Kwa kurekodi, biti 24 zina maana. Unaweza kuacha nafasi juu ili mwimbaji akipaza ghafla sauti isipasuke.

Fikiria pia bando. Dakika moja ya sauti ya CD bila kubanwa ni karibu MB 10.6. Dakika hiyo hiyo kwa biti 24 na kilohezi 192 ni karibu MB 69. MP3 ya kbps 320 ni MB 2.4, na wengi wetu hatuwezi kuitofautisha na CD. Ninayoikataa ni ile MP3 iliyopakuliwa kutoka kwa video, ikabanwa tena, ikapitishwa kwa flashi tatu. Hiyo hakuna kifaa cha kuiponya.

Hedifoni zangu za Bluetooth zinasikika vizuri, lakini nikiingia kwenye mkutano zinageuka kama simu ya zamani. Kwa nini?

Kwa sababu Bluetooth ya kawaida ina njia mbili: ya muziki, yenye sauti bora lakini isiyo na maikrofoni, na ya simu, yenye maikrofoni lakini sauti finyu. Programu ikifungua maikrofoni ya hedifoni, kompyuta huhamia njia ya simu. Suluhisho ni rahisi: katika programu ya mkutano, chagua maikrofoni ya laptopu na uache hedifoni zibaki kwa kusikiliza tu.

Kwa kuhariri sauti tumia waya. Bluetooth huchelewesha sauti kiasi cha mkono kupiga ngoma na wewe kuisikia baadaye.

Nikibadilisha besi na treble kwa programu, naharibu sauti?

La hasha. Ni mojawapo ya mambo bora unayoweza kufanya, na ni bure. Kwenye Windows kuna Equalizer APO, kwenye Linux kuna EasyEffects. Mradi wa AutoEq una mipangilio iliyotayarishwa kwa maelfu ya hedifoni, zikiwemo nyingi za bei nafuu. Tafuta jina la zako uinakili.

Ukiongeza sehemu yoyote kwa desibeli 6, punguza sauti ya jumla kwa desibeli 6 ndani ya programu hiyo, la sivyo vilele vitakatwa na utasikia mkwaruzo. Hapo ndipo amplifaya ya nje inapofaa tena, kukurudishia zile desibeli ulizopunguza.

Nikinunua Kisumu nitaepukaje feki?

Usinunue mbuzi kwenye gunia. Nenda dukani, iwe ni Oginga Odinga Street au kibanda cha Kondele, ukiwa na laptopu au simu yako na nyimbo tatu unazozijua neno kwa neno. Muuzaji akikataa kufungua boksi, nenda jirani. Sikiliza mwimbaji: yuko katikati ya kichwa? Akiegemea upande mmoja, viwambo havilingani. Kwenye benga, sikiliza kama unaweza kufuata gitaa la besi peke yake gitaa kuu linapopanda. Hedifoni feki hutoa besi nyingi yenye ukungu, kwa sababu ndiyo inayomnasa mnunuzi kwa sekunde kumi za kwanza.

Katika soko la Kibuye Jumapili utapata hedifoni za mitumba, mara nyingine za studio kabisa, mito ya masikio ikiwa imebambuka. Usiogope mito, hubadilishwa. Joto na jasho la huku hubambua ngozi bandia haraka, kwa hiyo mito ya kitambaa ni bora zaidi kwetu. Kagua waya na bawaba za pembeni, hizo ndizo ngumu kurekebisha.

Kama unaagiza kutoka nje, ongeza VAT ya asilimia 16 na ushuru kwenye hesabu kabla ya kufurahia bei.

Radi na stima kukatika vitaharibu vifaa vyangu?

Vinaweza. Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi, hasa alasiri na jioni. Mawingu yakijikusanya, chomoa chaja ukutani, na kebo ya intaneti kama unayo. Endelea na betri. TV gadi husaidia stima inaporudi kwa kishindo, kwa sababu husubiri kabla ya kufungulia umeme. Radi iliyopiga karibu haizuii.

Sauti kubwa kiasi gani ni salama?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unapungua nusu: kwa 90 ni saa 4 kwa wiki, kwa 100 ni dakika 20 hivi. Hedifoni zinazofunika sikio husaidia sana hapa, maana kelele ya matatu ikizuiwa huna sababu ya kupandisha. Ukimaliza kusikiliza na kusikia mlio masikioni, ulizidisha. Wahariri wenzangu, tunaofanya kazi saa nane kwa siku, tupumzike kila saa. Usikivu ukipotea kwa njia hii haurudi.

Sauti inatoka upande mmoja tu.

Jaribu hedifoni kwenye simu kwanza. Upande ule ule ukibaki kimya, waya umekatika, karibu kila mara pale unapoingia kwenye jeki, kile kichwa cha kuchomeka. Ukipinda waya hapo na sauti ikarudi kwa sekunde moja, umepata jibu. Usitupe hedifoni. Fundi atakata sentimita chache zilizochoka na kuchomelea jeki mpya ukiwa umeketi hapo hapo ukingoja.